Ukuta wa Baridi Uliopata Homa

Kila mkija kunitembelea swali lenu ni hilo hilo: Mzee Omari, lile povu la kupulizia kwenye kuta na mapaa ya viwanda lina faida kweli, au ni maneno ya wauzaji? Nawajibu mapema ili mwenye haraka zake aondoke na jibu. Lina faida. Mwezi wa kwanza hutaiona, pengine hata mwaka wa kwanza utanung'unika kwamba umetupa hela, lakini jengo lililopuliziwa vizuri litakulipa miaka na miaka. Nimeliona hilo kwa macho yangu na nitawasimulia.

Ila sitaki muondoke na nusu ya habari. Mimi nililipulizia vibaya mara moja tu, kona moja tu, na tangu siku ile nimekuwa mtu mwoga. Siwafichi. Tukialikwa harusini kwenye ukumbi mpya, mke wangu anatafuta kiti, mimi natafuta ukuta niunuse. Watu wanadhani nimechanganyikiwa. Mke wangu huwaambia, "Mwacheni, ndivyo alivyo." Yeye anajua nilirudi vipi nyumbani siku ile.

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya Bagamoyo, ukielekea Mlingotini. Kilikuwa na vyumba viwili vya baridi, ukumbi wa kufungia bidhaa, na banda la mashine. Tulipokea samaki na kamba waliotoka Saadani. Nasema kamba wa kuliwa, maana mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tulikuwa tukigandisha kamba za kufungia mbuzi. Akina mama waliwachambua na kuwapanga makasha, sisi tukawagandisha, na magari yakawapeleka Dar es Salaam.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Ratilal. Alizaliwa Bagamoyo hapa hapa, nyuma ya soko, katika nyumba ya Wahindi wenye duka la nguo. Duka lilimshinda tangu ujana. Yeye alipenda mashine, na mashine za amonia, ile gesi kali ya kuleta baridi, ndizo alizozipenda kuliko zote, ingawa aliziogopa. Siku yangu ya kwanza kazini alinisimamisha mbele ya koki kubwa ya amonia, akaniuliza, "Unasikia harufu?"

Nikamwambia, "Naisikia kidogo, Fundi."

"Hiyo kidogo ni salamu. Ikija yenyewe kamili hutakuwa na nafasi ya kuitikia. Utakimbilia wapi?"

Nikaonyesha mlango. Akatikisa kichwa. Akanitoa nje, akachota mchanga mkavu, akaumwaga polepole tuone upepo unaupeleka wapi. "Kila asubuhi kabla hujagusa kitu, ujue upepo unatoka wapi. Hutakimbilia mlango. Utakimbilia kule upepo unakotoka." Miaka yote niliyofanya kazi pale, nilifanya hivyo kila asubuhi. Na nyinyi mnaofanya kazi karibu na amonia, fanyeni hivyo, hata wenzenu wakicheka.

Siku hizo kuta za vyumba vya baridi zilikingwa kwa magome ya kizibo, yale ya kuzibia chupa, yaliyobandikwa kwa lami. Kizibo ni kitu kizuri kikiwa kikavu. Lakini pwani yetu hewa yenyewe ni maji ya chumvi. Unyevu ulipenya kwenye nyufa za lami, ukaingia ndani ya kizibo, ukaganda. Mwaka hadi mwaka ukuta ulizidi kuwa mzito. Kuna siku dari ya chumba cha pili ilianza kulia. Ililia kwe, kwe, kama kitanda cha kamba anapogeuka mtu mnene. Fundi Ratilal alitutoa wote, akaingia mwenyewe na mti mrefu, akatoboa pembeni. Lilianguka pande la barafu lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Lilikuwa limejificha juu ya vichwa vyetu, hatujui tangu lini.

Ndipo tulipoelewa kwa nini jenereta zilikuwa hazipumziki. Tulikuwa tunagandisha kuta badala ya samaki. Jenereta zote mbili zilinguruma usiku na mchana, na ilikuwa miaka ile ambayo dizeli iliadimika dunia nzima. Mapipa yakija leo, keshokutwa tunachungulia yaliyo matupu. Meneja wetu, ambaye tulimwita Ndugu Meneja kama desturi ya wakati ule, alikonda kwa kufukuzia dizeli. Akaambiwa huko mjini kwamba kuna ufundi mpya, povu la kupulizia. Akaomba lijaribiwe kwenye chumba cha pili.

Povu lilikuja na Mzungu mmoja wa kutuelekeza. Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, "ngoja," nadhani alifundishwa na dereva aliyemleta. Tukamwita Bwana Ngoja. Alikuja na mapipa ya aina mbili. Moja lilikuwa na kitu cheusi-chekundu kizito kama asali mbichi, na la pili lilikuwa na kitu cheupe kama mafuta ya kula. Kila kimoja kina mpira wake, na mipira inakutana kwenye bomba la mkononi tulilolibatiza bunduki. Vikikutana hapo vinatoka kama maji, vinagusa ukuta, na kabla hujamaliza kusema bismillahi vimeumuka kama maandazi. Halafu vinakauka. Povu hilo linashika kila kitu. Mwenzetu mmoja aliacha viatu vyake pembeni ya ngazi, tukaja kuvikata kwa msumeno.

Bwana Ngoja alipulizia unene wa kidole kimoja, akanyanyua kidole hicho juu tukione, akasema, "Ngoja!" Akatoka nje, akakaa juu ya pipa, akanywa maji. Akarudi, akagusa povu kwa mgongo wa kiganja. Likiwa bado na joto anatoka tena. Likipoa, anapulizia kidole kingine. Sisi tulimwona mvivu.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka aliona tunacheka, akakasirika. Akachukua ndoo, akaijaza povu kwa mara moja, akaiweka nje mchangani, mbali na kila kitu. "Ngoja," akasema. Tukakaa. Baada ya muda tukaona moshi mwembamba. Alilipasua lile bonge kwa kisu, na ndani lilikuwa limeungua rangi ya kahawa, na katikati palikuwa pekundu. Hakuna aliyewasha kiberiti. Povu linapoumuka linazaa joto lake lenyewe. Likiwa jembamba joto linatoka, likiwa nene joto linakosa njia, linajipika humo humo mpaka linashika moto.

Kwa hiyo msije mkasema Mzee Omari hakufundishwa. Nilifundishwa, na ile ndoo niliiona.

Bwana Ngoja akaenda zake. Mimi nikapewa kazi ya kumalizia, nikiwa na miezi miwili tu tangu niitwe fundi mkuu wa kuta. Utaratibu tulioachiwa ni huu: unapulizia kwa matabaka membamba mpaka unene unaotakiwa, kisha unatandaza wavu wa waya, unapiga lipu ya saruji juu yake. Lipu ile ndiyo nguo ya povu. Bila lipu, cheche moja inatosha, na jua na panya nao watalila. Tulikuwa tumemaliza dari na kuta tatu, lipu imeshakauka. Ulibaki ukuta wa upande wa baharini. Huo haukuwa wa matofali. Ulikuwa kiambaza cha mbao na bati, na nyuma yake ndipo ulipokuwa ukumbi wa akina mama wa kamba.

Kwenye kona ya ukuta huo bomba la amonia lilipanda kwenda darini. Nyuma ya bomba palikuwa na uwazi ambao mkono ungeingia mpaka kiwiko. Ni mahali pabaya. Kuipulizia kona ile kwa kidole kimoja kimoja kulitaka kupanda ngazi mara nne na kungoja mara tatu.

Asubuhi ile Ndugu Meneja alikuja mlangoni. "Omari, mashine ya kupulizia tumeazima, na gari la kuirudisha linafika saa nane. Utamaliza?"

Nikasema, "Nitamaliza, Ndugu Meneja."

Saa tano nilikuwa kwenye ile kona. Nilitazama huku na huku. Fundi Ratilal alikuwa bandani kwake. Nikaingiza bunduki nyuma ya bomba, nikaijaza kona yote kwa mara moja. Povu likaumuka, likajitokeza mbele ya bomba, zuri, laini. Hata nililisifu moyoni. Nikashuka ngazi.

Saa saba, nikiwa nakula, nilisikia harufu. Ilikuwa kama ya sukari inayoungua sufuriani, ila yenye ukali wa kukwaruza koo. Niliijua harufu ile. Niliisikia siku ya ndoo. Nikajiambia, la, ni mabaki ya asubuhi, chumba hakijapitisha hewa. Nikaenda mpaka mlangoni, nikaiona kona imetulia, nyeupe vile vile. Ningepanda ngazi nikaigusa ningejua. Sikupanda. Wanangu, sikupanda kwa sababu niliogopa kujua. Nikijua itanibidi niseme, nikisema nitaonekana fundi mkuu gani huyu, na gari linakuja saa nane. Nikarudi kukaa. Nikaosha vifaa ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nilikaa na hofu ile karibu saa nzima.

Ukumbini kulikuwa na akina mama kama ishirini, na mkubwa wao aliitwa Bi Mwanaidi. Mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amefanya kazi pale kabla yangu, na hata Ndugu Meneja alimwamkia kwanza. Alitoka nje akanifuata nilipokuwa.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Omari, mwanangu, hebu njoo uushike ukuta wetu. Una homa."

Nikamfuata. Akina mama walikuwa wameinama kwenye meza zao za bati, maji ya barafu yanatiririka miguuni. Bi Mwanaidi aliniongoza mpaka pembeni, akachukua mkono wangu kama wa mtoto, akauweka kwenye bati. Lilikuwa la moto. Si moto wa kuunguza, bado. Moto wa paji la mtoto mwenye malaria. Na lilikuwa ni lile bati la nyuma ya kona yangu.

"Ni jua hilo," nikasema. Ulimi wenyewe ndio uliosema.

Bi Mwanaidi akanitazama. "Huku ni upande wa baharini. Jua limetuhama tangu saa sita."

"Basi ni mashine."

"Mashine ziko kule." Akaonyesha upande mwingine. Hakupandisha sauti. "Omari, nina watoto wa watu humu."

Nilitoka pale. Nilitembea hatua kadhaa kama mtu anayekwenda kujisaidia. Kisha miguu ikaanza kukimbia yenyewe kuelekea banda la mashine. Fundi Ratilal alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Fundi, ile kona ya bomba nimeijaza mara moja."

"Vidole vingapi?"

"Mpaka kiwiko."

Kikombe kilianguka. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alinyakua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akajifunga puani na mdomoni. "Tangu saa ngapi?"

"Saa tano. Harufu nimeisikia saa saba."

Alinitazama mara moja, kufumba na kufumbua. "Watoe wanawake. Wapeleke kule upepo unakotoka. Mimi naifunga amonia kabla moto haujafika kwenye bomba." Koki ya bomba lile ilikuwa juu, kwenye njia nyembamba baina ya banda na chumba cha pili, hatua chache tu kutoka kona yenyewe.

Niliingia ukumbini nikapiga kelele: "Tokeni! Tokeni wote, ukuta unaungua!" Hawakuona moto wowote, kwa hiyo walinishangaa. Bi Mwanaidi peke yake ndiye aliyeelewa. Alipiga meza kwa sufuria mara tatu, na wote wakatoka nyuma yake, kimya, kama waliokuwa wakilifanyia mazoezi jambo hilo. Akipita mlangoni alisema, "Ulisema jua." Basi. Akaendelea kuwahesabu wenzake.

Mimi nikachukua panga na kuingia chumba cha pili. Nilitaka kuikata ile kona na kuitoa nje. Sikilizeni hapa vizuri, maana hili linaweza kuja kuwafika. Usilipasue povu linalojipika bila maji mkononi. Mimi nilipanda ngazi na panga tu. Pigo la kwanza likafungua ganda jeupe, na chini yake palikuwa peusi. Pigo la pili, hewa ikaingia, na ule weusi ukavuta pumzi. Nasema ulivuta pumzi, sina neno lingine. Kisha moto ukatoka hapo kama ulimi, ukanipitia sikioni, ukapanda ukutani.

Nilianguka na ngazi. Moshi wake mweusi, mzito, unashuka badala ya kupanda. Niliona mwanga wa mlango, kisha sikuuona. Nikalala kifudifudi na kutambaa, nikisoma shahada, nikidhani naelekea mlangoni. Nilikuwa naelekea ukutani. Nikagonga lipu kwa kichwa. Hapo ndipo niliposadiki kwamba nimekufa, na kitu nilichokiwaza hakikuwa mke wangu wala mama yangu. Niliwaza kwamba watasema aliyeuwasha moto ni mimi.

Halafu maji yakanipiga mgongoni. Yalikuwa ya baridi mno, yenye vipande vya barafu na maganda ya kamba. Bi Mwanaidi alikuwa amewapeleka wenzake salama, kisha akarudi na wanane majasiri, wakajipanga kutoka ukumbini mpaka mlangoni, wakipokezana ndoo za yale maji ya barafu waliyokuwa wakisafishia. Mmoja alinivuta kwa mguu. Walimwaga ndoo baada ya ndoo kwenye kile kiambaza. Moto ulikuwa umekula ukuta ule wote uliokuwa uchi. Ulipofika kwenye dari na kuta zenye lipu, ulilamba, ukazunguka, ukakosa pa kushika. Kama tusingekuwa tumeipiga lipu ile, hakuna ndoo ambazo zingetosha, wala mimi nisingekuwa hapa nikiwachosha kwa maneno.

Wakati huo huo tulisikia mlio kama wa nyoka mkubwa, kisha harufu kamili, ile ambayo Fundi Ratilal alisema hutapata nafasi ya kuiitikia. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kimelegea kwa joto. Tulikimbia wote kuelekea upepo unakotoka, tunakohoa, tunalia machozi. Mlio ukaendelea. Ukaendelea tena. Kisha ukakatika ghafla, na tukajua kwamba Fundi ameifikia koki.

Alitoka akitambaa, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Tulimlaza, tukammiminia maji machoni bila kuacha, muda mrefu, mpaka gari lililokuwa limekuja kuchukua mashine likambeba yeye badala yake. Njiani alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Wametoka wangapi?" Nami namjibu, "Wote, Fundi." Baada ya kitambo anauliza tena.

Jicho la kushoto lilipona. La kulia halikuona tena.

Nilipokwenda kumwona hospitali nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimwamkia, nikakaa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ndugu Meneja alikuja. Anataka kuandika kwamba ilikuwa hitilafu ya umeme."

"Nimeshamwambia kweli, Fundi. Nimemwambia kona, na saa, na harufu."

"Ungeniambia saa saba, Omari, leo ningekuwa na macho mawili."

Nililia mbele yake, mtu mzima. Aliniacha nilie nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kazini, "Sasa ile kona. Ataijaza nani? Mwingine hajui. Kaijaze."

Nilidhani nimeachishwa kazi, na kwa haki ningeachishwa. Lakini Ndugu Meneja naye aliambiwa hivyo hivyo na Fundi Ratilal. Nilivuliwa cheo, nikapewa bunduki. Tulibadilisha kiambaza, tukaweka matofali. Nikapulizia kidole kimoja, nikatoka, nikakaa juu ya pipa. Ukuta ule mmoja ulinichukua siku nne. Bwana Ngoja angenionea huruma.

Sasa faida ya povu mliyoniuliza ni hii. Chumba kile kilipoanza kazi, jenereta moja ilitosha, na ile nyingine ikawa ya akiba. Baadaye hata hiyo moja tukawa tunaizima asubuhi na kuiwasha adhuhuri. Mwaka mmoja, ile ya akiba ikiwa imefunguliwa kwa matengenezo, kilikatika chuma cha jenereta, na kipuri kikachelewa Dar es Salaam siku mbili nzima. Chumba cha kwanza, cha kizibo, kilianza kuvuja maji kabla ya jioni, na samaki wake tuliwafukia. Chumba cha pili tuliufunga mlango, tukakataza mtu yeyote kuufungua. Kipuri kilipofika tukafungua, na kamba walikuwa mawe matupu. Mabati ya paa hayakutoka jasho, kwa hiyo hayakuoza. Lipu niliigonga kwa nyundo mwaka hadi mwaka, haikutoa mlio mtupu. Ongezeni hapo dizeli isiyonunuliwa, paa lisilobadilishwa, samaki wasiofukiwa. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Lakini zile siku nne ni sehemu ya bei, na anayewaambia mziruke ili muokoe pesa hajui anachokisema.

Kabla ya hayo yote, lakini, palikuwa na Bi Mwanaidi.

Kazi ilipokwisha Ndugu Meneja aliwaita akina mama warudi ukumbini. Walifika, wakasimama uwanjani, hawakuingia. Bi Mwanaidi alisema mbele ya wote, "Ndugu Meneja, sisi hatukatai kazi. Huyu aliyejenga aingie kwanza. Akae ndani ya chumba cha pili, mlango ufungwe, kutoka sasa mpaka alasiri. Mashine zisiwashwe. Kama povu limelala, atatoka."

Ndugu Meneja akaanza kusema habari za utaratibu wa kazi. Mimi nikasema, "Nitaingia."

Nimefanya mambo mengi ya hatari maishani, na hakuna nililoliogopa kama mlango ule ulipofungwa nyuma yangu. Nilikuwa na taa ya mkono na ndoo ya maji. Nilijua kila tabaka, nilikuwa nimeligusa kila moja kwa mgongo wa kiganja. Haikunisaidia. Kila povu lilipotoa mlio wa kutulia, nilimulika taa ukutani. Nilinusa mpaka pua ikachoka, nikawa naisikia ile sukari inayoungua mahali ambapo haikuwepo. Niliinuka mara mbili nikaenda mlangoni kugonga wanitoe, mkono nimeshaunyanyua. Mara zote mbili nilimkumbuka Bi Mwanaidi akiniambia ana watoto wa watu. Nikarudi kukaa. Niliwaza kwamba wao walikaa nyuma ya ukuta wangu saa nzima, bila kujua, na mimi nilikuwa najua.

Mlango ulifunguliwa adhana ya alasiri ikisikika kwa mbali. Nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka kuogelea. Bi Mwanaidi aliingia peke yake. Alizunguka chumba kizima polepole, akafika kwenye ile kona, akasimama hapo kitambo, amenipa mgongo. Kisha akavua viatu vyake vya kazi, akaviweka chini ya bomba, kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

"Nenda ukaoge, Omari," akasema. "Unanuka woga." Halafu akatoa kichwa nje, akawaita wenzake: "Haya, leteni makasha. Kamba wataoza."